Mtasema na Tumenyamaza

Mimi ni fundi cherehani, Muislamu, mwana wa Muislamu, na mbwa sina jema la kumsemea. Mate yake yakigusa suruali yangu nitaifua mara saba, moja kwa udongo, na wakati huo mteja yuko barazani ananiuliza kaptula ya shule ya mwanawe imefikia wapi. Kwa hiyo nikikusimulia maisha ya Consolatha wa Ipuli, hapa Tabora, maisha ambayo huwezi kuyagusa bila kugusa mbwa, ujue nimelazimika. Nakaa mbele ya nyumba yake, njia tu inatutenga. Cherehani yangu iko Kanyenye, na yeye anauzia asali yake kwenye baraza hilohilo, kwa hiyo namwona asubuhi, mchana na jioni. Mke wangu Sikuzani amekwisha kuniuliza kama nimeoa nyumba moja au mbili.

Consolatha alizaliwa Ndala, kwa wakulima wa Kikatoliki. Babu wa babu yake alikuwa mpagazi wa misafara. Alibeba pembe za wenyewe mpaka Bagamoyo, akarudi huku Unyanyembe na mashuka mawili na Kiswahili kikali cha pwani. Mashuka yalichakaa zamani. Ulimi umemfikia Consolatha ukiwa mpya kabisa, na ameutumia kwa mapadri, kwa wanunuzi wa asali wanaoonja nusu chupa, na kwangu mimi kila siku isipokuwa Ijumaa, maana Ijumaa ananiheshimu mpaka swala iishe.

Aliolewa na Eustace, mfanyakazi wa reli, mwanamume mpole mwenye masharubu. Mtoto hawakujaliwa. Siku moja Eustace akahamishiwa Mpanda, kwa muda. Muda huo haujaisha mpaka leo. Mwanzo alikuwa akija sikukuu, halafu akawa anapiga simu, halafu akawa anapiga simu mtu mwingine kumwombea radhi. Tuliambiwa amepata nyumba ndogo, na baadaye tukaambiwa kwamba nyumba ndogo imeongezwa vyumba.

Sasa, nyuma ya uzio wa minyaa wa Consolatha anakaa Bernadeta, mama yake Benjamini, mjane, Mmoraviani wa kwaya ya alto. Mama mzuri tu, ila Mungu alipompa sauti alisahau kumpa kufuli. Siku moja bombani, wanawake wakiwa kwenye foleni ya maji, mmoja akauliza huyu Eustace wa Consolatha amepotelea wapi. Bernadeta akasema, “Eustace hajapotea, jamani. Amepumzika.” Wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Maneno hayo yalimfikia Consolatha kabla Bernadeta hajajitwika yake.

Mwanamke mwingine angevuka uzio na mwiko mkononi. Consolatha alikwenda Mtendeni, akarudi na mtoto wa mbwa kwenye kapu, akamwita Mtasema.

Huku kwetu mbwa hapewi jina ili aitike yeye. Anapewa jina ili asikie jirani. Kila jioni, jua likishuka, Consolatha alisimama uani kwake, uso kaelekeza kwenye minyaa, akaita kwa sauti ya mtu anayeuza sokoni: “Mtasemaaa! Mtasemaaa!” Mbwa alikuwa miguuni pake, anamtazama kwa mshangao. Hakuhitaji kuitwa. Aliyehitaji kuitwa alikuwa ng'ambo, anasonga ugali.

Bernadeta alivumilia mwezi mzima. Halafu na yeye akaleta mbwa. Jioni ile Consolatha alipomaliza kuita, ng'ambo ya uzio ikasikika alto ya Kimoraviani, safi, bila haraka: “Tumenyamazaaa!”

Nisikudanganye, nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu siku hiyo Ipuli haikuhitaji saa. Mtasema akiitwa, Tumenyamaza anaitwa, watu wanawasha majiko. Katoliki na Moraviani hawajawahi kupokezana vizuri namna ile. Wale wanawake wawili wenyewe hawakusemezana tena hata neno moja, wala misibani, wala bombani. Consolatha alimwita mwenzake “yule wa ng'ambo”, kana kwamba minyaa ile ni ziwa Tanganyika. Mbwa wenyewe walifanana, maana mbwa wa Tabora wote wana rangi moja, rangi ya njia ya vumbi, kwa hiyo mtu asiyejua majina angedhani ni mbwa mmoja anayeitwa na wanawake wawili wenye wazimu.

Lakini niseme na hili, japo linaniuma. Mbwa yule Consolatha alimpata kwa ajili ya ugomvi, akaishia kumpenda kwa dhati. Tukitoka Kanyenye jioni, Mtasema alikuwa anamngoja kwenye kona ya barabara, anajipinda mwili mzima kwa furaha, na yule mama mwenye ulimi wa wembe analainika usoni mpaka unaona haya kumtazama. Aliwahi kuniambia, “Adinani, nikifungua mlango nikasema nimerudi, huyu peke yake ndiye anayeona kuna kilichorudi.” Mimi nikirudi kwangu wanapiga kelele watu sita.

Basi ugonjwa ukaja. Mbwa wa Ipuli walianza kutokwa na matongo, makamasi yakafuata, halafu taya likawa linacheza lenyewe kama mtu anayetafuna hewa, na mwisho degedege. Kundi letu la mtaa kwenye simu likachafuka. Mmoja akasema ni kichaa cha mbwa, mwingine akasema ni sumu, wa tatu akatuma dua, wa nne akatuma tangazo la viwanja. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Lukumani, mtu anayeogopa mbwa kuliko anavyoogopa uchaguzi, akataka wote wapigwe risasi, pamoja na wazima, kwa tahadhari.

Ndipo akaja Daktari Amon wa mifugo. Ni Mgogo wa Mpwapwa, na kwa Consolatha hilo lilitosha kabisa. Mnyamwezi na Mgogo ni watani tangu enzi za misafara, enzi ambazo Mnyamwezi alikuwa anapita Ugogo na mzigo kichwani na Mgogo anamtoza hongo kwa kila tone la maji. Consolatha hakumpa hata nafasi ya kuegesha pikipiki. “Babu zako walitutoza kwa maji ya kunywa,” alimwambia, “wewe umekuja kututoza kwa makamasi ya mbwa.” Daktari akamjibu kwamba babu zake wangetoza zaidi kama wangejua wajukuu wa wapagazi watakuwa na midomo namna hii. Wakapendana hapohapo.

Daktari akatueleza kwamba ugonjwa ule si kichaa, unaitwa distempa, hauli watu, ila unaua mbwa, na chanjo yake ipo. Akatangaza siku ya kuchanja, kwenye uwanja wa Mtendeni.

Hapa lazima nilisimange neno moja. Kiswahili ni lugha tajiri, lakini kwenye jambo hili kilifanya ubahili. Kuchanja ni kupasua kuni. Kuchanja ni kumpeleka mtoto kliniki akadungwa sindano. Na kuchanja, kwa watu wa huku, ni wembe wa Mzee Shilinde. Yeye ni mtu wa nyoka, wa chama cha wale wanaochezea swila kama mimi ninavyochezea uzi. Anakuchanja chale, anakupaka unga mweusi, na baada ya hapo nyoka akikuuma yeye ndiye anayeugua. Ndivyo anavyosema. Mbwa wa wawindaji pia huwachanja, puani na masikioni, wawe wakali. Ukisema Tabora “amechanjwa”, umesema kweli ya aina tatu, na msikilizaji atachukua anayoitaka.

Siku ya chanjo Consolatha alitangulia uwanjani kwanza peke yake, aone foleni ilivyo kabla ya kumleta mbwa. Alifika, akatazama, akaona katikati ya watu na kamba na vumbi mgongo anaoujua vizuri kuliko migongo yote Tabora, una kanga ya rangi ya chungwa. Bernadeta. Consolatha aligeuza palepale. Kusimama nyuma ya yule wa ng'ambo, mbele ya mji mzima, amsubiri amalize? Heri degedege. Akarudi nyumbani, akamkuta Mtasema hayupo, amezurura kama kawaida yake. Alipojitokeza, Consolatha akamfunga kamba akampeleka kwa Mzee Shilinde.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nyoka au mbwa?”

“Mbwa. Asipate huu ugonjwa.”

Mzee Shilinde ni mtu asiyekataa kazi. Akamchanja Mtasema chale mbili juu ya pua na mbili kwa kila sikio, akapaka unga wake, na mwingine akaufunga kwenye karatasi: kila asubuhi ampulizie kidogo puani. Mbwa alipiga chafya mpaka akaanguka. Mzee akasema hiyo ni dalili kwamba ugonjwa unatoka.

Haikupita wiki Mtasema akawa anatokwa na machozi. Wiki ya pili makamasi. Consolatha akazidisha unga. Alikuwa anapuliza na kulia, analia na kupuliza. Asali barazani alikuwa haiuzi tena, anaitazama tu. Mimi nilimwambia mbwa ni mbwa, atapata mwingine. Alinitazama mpaka nikaharibu pindo la sketi ya mwalimu.

Lukumani alipopata habari alimleta Daktari Amon siku hiyohiyo. Daktari akachukua kijiti chenye pamba, akataka mtu wa kumshika mbwa. Consolatha amejifunika uso kwa kanga, Lukumani yuko nje ya uzio anatoa maelekezo. Nikabaki mimi. Namshika mbwa, nimefumba macho, nasoma ninachokijua, na daktari anazungusha kijiti puani na machoni mwa yule mnyama. Jioni ile nilifua suruali na shati, na Sikuzani akanipa beseni la peke yangu.

Majibu yalipotoka, Daktari alikuja mwenyewe. Tulikuwa uani kwa Consolatha, mbwa amefungwa kwenye mpapai.

“Kipimo kimeonyesha virusi vya distempa vipo,” alisema.

Consolatha alikaa chini, kwenye vumbi, na kanga yake safi.

“Usilie kwanza, mama. Kipimo kinasema vipo. Hakisemi vimetoka wapi.” Akachuchumaa karibu yake. “Chanjo yetu yenyewe ni virusi vilevile, ila vimedhoofishwa. Viko hai, vinazaana kidogo ndani ya mbwa, na mwili wake unajifunza kupigana. Kwa wiki kadhaa baada ya chanjo ukimpima mbwa mzima kabisa unaweza kuvikuta puani. Hiki kipimo kikiona virusi kinapiga kelele tu. Ni kama mimi nikimwona Mnyamwezi. Najua ni Mnyamwezi. Sijui amekuja kuuza asali au kuiba ng'ombe.”

“Ng'ombe wenu walivyokonda, nani awaibe,” alisema Consolatha, machozi bado yanamchuruzika.

“Kwa hiyo swali ni moja tu. Huyu mbwa amechanjwa?”

“Amechanjwa, Daktari.”

“Lini?”

“Wiki ileile uliyokuja na sindano zako Mtendeni.”

Daktari Amon alivuta pumzi ya mtu aliyetua mzigo. Akasema basi, huenda virusi hivyo ni vya chanjo, machozi na makamasi yatakuwa na sababu nyingine, tutasubiri. Akavaa helmeti. Lukumani akaanza kunung'unika, Daktari akamnyamazisha. Mambo yalikuwa yamekwisha. Na yangekwisha, kama Consolatha angekuwa mtu wa kushukuru kimya.

“Na hakuumia sana,” alisema, anafuta pua kwa ncha ya kanga. “Mzee Shilinde ana mkono mwepesi. Wembe ulipita hata hakulia.”

Daktari akavua helmeti.

Alimtazama mbwa puani kwa karibu, akaziona chale zimevimba. Alipoanza, utani ulikuwa umekwisha mdomoni. Alieleza kwamba wembe hauna virusi vya chanjo. Kama Mtasema hakudungwa sindano, virusi vile ni vya mtaani, ugonjwa wenyewe, na yanayofuata ni kutafuna hewa na degedege. Kipo kipimo kingine kinachosoma ukoo wa virusi na kutenganisha vya chanjo na vya mtaani, lakini kinafanyika mbali, majibu yake yanachelewa, na uzio wa minyaa una matundu. Mbwa wa majirani waliobaki watakwisha.

“Angekuwa amechanjwa chanjo yangu, ningekuwa na sababu ya kungoja,” alisema. “Sina.”

Wakakubaliana Ijumaa. Sindano moja ya mwisho, bila maumivu. Consolatha hakubishana. Ulimi ule wa mpagazi, uliotoka Bagamoyo kwa miguu, ulilala kinywani kama umekatwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilitamani anitukane.

Jioni ile hakuita. Mbwa alikuwa kwenye kamba, amwitie nini. Ng'ambo ya uzio, saa za majiko, nilisikia alto ikianza: “Tumenya...” Ikakatika katikati. Nilidhani moshi umempalia.

Ijumaa alasiri nimetoka msikitini, kanzu nyeupe, nimepiga pasi mwenyewe. Nikawakuta wote uani. Daktari Amon ameshavuta dawa kwenye bomba. Lukumani yuko nyuma ya ndoo. Consolatha amempikia Mtasema ugali wa dona na mifupa ya buchani, juu yake kamimina asali, ile ya nyuki wadogo asiyonipa mimi hata kwa mafua. Mbwa anakula kwa raha zake. Mbwa aliyeugua vile, nikawaza, anakula vizuri sana. Lakini mimi ni fundi wa nguo, nikanyamaza.

“Nani atamshika?” aliuliza Daktari.

Wote wakanitazama. Nikaitazama kanzu yangu. Halafu nikamtazama Consolatha, aliyekuwa amempigia mbwa magoti, amekamata masikio yake yenye makovu, anamwambia kitu kwa Kinyamwezi, polepole, kama anavyoambiwa mtoto anayepelekwa bweni. Nikashika kamba. Nililia, na sioni kwa nini nikufiche.

Minyaa ikatikisika. Pale chini, kwenye tundu la mbwa, kikatokea kitambaa cha kichwa, kikafuatiwa na mabega, halafu Bernadeta mzima, kwa magoti na mikono, kanga ya rangi ya chungwa imejaa utomvu. Angeweza kupita mlangoni. Nadhani angezunguka njia ndefu ile, moyo ungemrudisha.

“Daktari, ngoja,” alisema, bado yuko chini. “Huyu mbwa amechanjwa.”

“Najua, mama. Na Mzee Shilinde.”

“Na wewe.”

Daktari akashusha bomba. “Mimi sijawahi kumchanja mbwa anayeitwa Mtasema. Jina kama hilo ningelikumbuka.”

“Sikukupa jina lake. Nilikupa la wangu.”

“Lipi?”

Bernadeta alisimama, akakung'uta magoti. Alikuwa hamtazami Consolatha, anautazama mpapai. “Tumenyamaza,” alisema.

Daktari alitaka kucheka, akajizuia. “Huyo namkumbuka. Nilicheka mpaka nikakosea kuandika. Lakini mama, wote hawa wana rangi moja. Nitajuaje kama yule ndiye huyu? Mtu anaweza kusema lolote amwokoe mbwa wa jirani.”

“Mimi?” Bernadeta alimgeukia kwa hasira. “Mimi nimwokoe mbwa wa huyu? Muulize mtu yeyote Ipuli.”

Tukamtazama Daktari sote, hata Lukumani, na sote tukatikisa vichwa: hawezi. Kama kuna ushahidi uliowahi kukubalika kwetu bila kiapo, ulikuwa ule.

“Tumenyamaza wangu alikufa wakati wa mvua,” alisema Bernadeta. Sauti ilikuwa imepungua. “Huu huu ugonjwa. Alikuwa wa kwanza. Nilimzika nyuma ya choo, sikumwambia mtu.”

“Mbona ulikuwa unamwita kila jioni?” Hilo lilikuwa swali langu, kwa sababu nilikuwa nimemsikia kwa masikio yangu.

“Ningeacha kuita, huyu angejua amekufa. Angefurahi.” “Siku ya kwanza nikaita hivihivi, kujikaza tu. Nikaona kwenye tundu kinatoka kichwa. Nikampa ukoko. Kesho yake, huyu alipoingia kupika, nikaita tena, akaja tena.”

Hakusema zaidi. Akaita, si kwa ile sauti ya jioni ya kuvuka uzio, aliita kwa sauti ndogo ya jikoni: “Tumenyamaza.”

Mtasema aliacha ugali. Aliacha ugali wenye asali na mifupa, akanivuta na kamba yangu na kanzu yangu, akanikokota kwenye vumbi mpaka kwa Bernadeta, akajipinda mwili mzima kwa furaha, vilevile kama anavyojipinda kwenye kona ya barabara. Mate yalinifikia mpaka kwenye kola.

Consolatha alikuwa bado kwenye magoti. Nilimwona usoni anapata mbwa na anampoteza kwa wakati mmoja.

“Mume alikwenda Mpanda,” alisema. “Huyu hata nauli hakuwa nayo.”

Daktari hakuwa na haja ya kusubiri zaidi. Alitoa sindano kwenye bomba, akaimwaga dawa kwenye shimo la takataka. Halafu akauliza ule unga wa Mzee Shilinde uko wapi. Consolatha akampa karatasi. Daktari akanusa, akapiga chafya, akanusa tena kwa ubishi wa Kigogo, akapiga chafya mpaka helmeti ikaanguka. “Ugoro,” alisema, macho yanamtoka machozi na pua makamasi, yaani distempa kamili. “Ugoro na pilipili. Umekuwa ukimpulizia hivi kila asubuhi?”

“Na jioni,” alisema Consolatha, “alipozidiwa.”

Akakatazwa. Kikachukuliwa kijiti kingine cha kupeleka kwenye kile kipimo cha mbali, na mbwa akaamriwa kukaa kwenye kamba mpaka majibu yarudi. Daktari akaondoka, Lukumani akaondoka akisema yeye tangu mwanzo alishauri subira. Nilikuwa nafungua kamba mkononi, nataka kwenda kwenye beseni langu, na wanawake wale bado wamesimama, kila mmoja upande wake wa mbwa.

“Siku zote hizo,” alisema Consolatha. “Ulimlisha, ukamchanja, na mimi niko hapo hatua mbili. Kwa nini hukusema?”

“Wewe uliniitia mbwa kila jioni kwamba nitasema,” alisema Bernadeta. “Nikaapa mbele ya Mungu sisemi hata neno. Lile la bombani liliniuma mwenyewe kabla halijafika kwako, lakini ningelirudishaje, na wewe unaita.” Akakaza kanga yake. “Haya. Nimesema.”

Akaondoka, kwa mlango safari hii.

Mtasema macho yalikauka kwa siku chache tu baada ya ugoro kukoma. Majibu ya mbali yalichelewa kama tulivyoambiwa, yakaja kwenye simu ya Daktari: virusi alivyokutwa navyo Mtasema ni vya chanjo, si vya mtaani. Daktari alikuja kumsomea Consolatha mwenyewe barazani Kanyenye, akapewa chupa ya asali ya nyuki wadogo na matusi mapya kuhusu maji ya Ugogo.

Kosa lake lilikuwa kusoma kwa sauti. Kabla ya adhuhuri Mzee Shilinde alikuwa amezipata habari, na amezipata anavyozitaka. Maabara kubwa imempima mbwa aliyechanjwa na Shilinde, na imeandika kwamba ni chanjo. Daktari Amon alikwenda kumweleza tofauti ya sindano na wembe. Mzee alimsikiliza kwa adabu zote, akamwambia, “Mwanangu, usione haya, hata mimi sikutegemea dawa yangu itatambulika mapema hivi.” Sasa amebandika kibao mlangoni, CHANJO ILIYOPIMWA, na foleni yake ni ndefu kuliko ya Mtendeni. Daktari anapita pale na pikipiki, hatazami.

Na wale wawili? Sikutegemea miujiza. Wiki nzima kulikuwa kimya pande zote mbili za uzio, hakuna aliyeita, na Ipuli tukawa tunachelewa kuwasha majiko. Mtasema, aliyekwisha kufunguliwa kamba, alipita kwenye tundu akienda na kurudi kama mtu mwenye wake wawili waliokubaliana.

Halafu jioni moja niko uani kwangu naifua ile kanzu kwa mara ya ngapi sijui, udongo wa Tabora ni mwekundu na haujui kuondoka, nikamsikia Consolatha anatoka na sufuria. Nikasikia anasimama pale anaposimamaga, anavuta pumzi ya sokoni. Nikajisemea, haya, vita vimerudi.

“Bernadetaaa!”

Miaka yote ile sikuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwake. Mtaa mzima ulinyamaza, hata kuku.

“Abee,” ikajibu alto.

“Ameshakula huyo?”

“Amekula. Amebakiza. Njoo na sufuria yako.”

Nikasikia minyaa inatikisika pale chini, kwenye tundu, na Consolatha anaguna kwa Kinyamwezi kwa sababu ya magoti. Nikarudia kufua.